KIINI CHA LINUX NA MASHINI KUUKUU: kupatanisha viendeshi na vifaa vya miaka ya 1990

0. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vikuu tarakilishi haitupwi. Ikichakaa katika ofisi za utawala hupelekwa idarani. Ikichakaa idarani hupelekwa ghalani, na huko hukaa miaka na miaka pamoja na yote yaliyoandikwa ndani yake. Tasnifu za miaka ya 1990, orodha za maneno zilizokusanywa vijijini na wanafunzi wa wakati huo, ngano zilizonakiliwa kutoka kanda za sauti: mengi ya hayo hayana nakala nyingine. Karatasi zimeraruka, wakusanyaji wamestaafu au wamefariki, na wasimulizi walitangulia kabla yao. Kinachobaki ni diski ngumu moja, iliyo ndani ya sanduku la chuma ambalo watu wengi hawajui tena namna ya kulitumia.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji, hata asiye fundi, jinsi ya kuifanya mashini ya namna hiyo izungumze na mashini za leo kwa njia ya mfumo wa Linux. Jambo linalowashinda wengi katika kazi hii si kuwasha mashini, wala si kuandika amri. Ni kukijulisha kiini cha mfumo kwamba kadi fulani imo, kwamba imekaa anwani fulani, na kwamba ikiwa na haja hupiga hodi kwa njia fulani. Huko ndiko tutakakokaa zaidi. Mengine tutayapita haraka.

Mfano wetu ni tarakilishi ya aina ya 486, ya MHz 66, yenye kumbukumbu ya MB 16 na diski ngumu ya MB 420. Diskini mna MS-DOS na mafaili ya msamiati. Ina kadi ya mtandao ya aina ya NE2000 na kadi ya sauti ya Sound Blaster 16. Msomaji atauliza: kwa nini tusiichomoe diski na kuichomeka katika mashini mpya kwa adapta ya USB? Swali ni la haki, na tunamshauri kila mtu aanze na njia hiyo, kwani ikifaulu humaliza kazi kwa muda mfupi. Lakini diski za mwanzo wa miaka ya 1990 zilihesabu nafasi zake kwa silinda, vichwa na sekta, ilhali adapta nyingi za USB zinajua tu kuhesabu sekta kwa namba moja mfululizo, namna iliyoenea baadaye. Diski ya mfano wetu haikutambuliwa na adapta yoyote tuliyokuwa nayo. Mashini iliyoielewa ni ile ile iliyokuja nayo.

1. Juu ya maneno machache

Jarida la masomo ya Kiswahili haliwezi kulipita jambo hili bila kusimama kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku hapa kwetu wengi husema ordinateri, kwa kufuata Kifaransa. Tanzania husema kompyuta. Sisi tutasema tarakilishi, au mashini kwa ufupi. Kile ambacho Kifaransa hukiita noyau tutakiita kiini, na neno hilo halihitaji kutetewa.

Kuhusu kiendeshi, pana mjadala. Kifaransa husema pilote, yaani rubani, na kwa kweli rubani lingefaa sana: rubani wa pwani ndiye apandaye merikebu ya kigeni na kuiingiza bandarini, kwa sababu yeye ajua miamba iliko na nahodha hajui. Hivyo ndivyo kiini kinavyohitaji mtu wa kukiongoza mbele ya kila kifaa. Hata hivyo neno kiendeshi limekwisha kuenea katika maandishi ya Kiswahili juu ya fani hii, na ngeli yake ya KI-VI inakifaa kitu kisicho na uhai. Tutalitumia, ingawa kwa majuto kidogo. Kazi ya kuipa fani hii lugha yake ilipata nguvu huko Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini mradi huo ulishughulikia hasa programu anazoziona mtumiaji, si tumbo la mashini, na tumboni ndimo tuendako leo.

Neno moja tumelichagua wenyewe. Kifaa kinapotaka kusikilizwa, hutuma ishara ya umeme inayoilazimu prosesa iache kwa kitambo ilichokuwa ikifanya. Wengine huiita ishara hiyo ukatizaji. Sisi tutaiita hodi, kwa kuwa ndivyo ilivyo hasa: mgeni haingii, hubisha, na mwenye nyumba huenda kuangalia ni nani.

2. Kiini na viendeshi vyake

Kiini ndicho kinachoingia kumbukumbuni mashini inapowashwa, na hukaa humo hadi inapozimwa. Hugawa kumbukumbu, hugawa muda wa prosesa, na hasa hulinda vifaa. Programu ya kuandikia haiigusi diski wala kadi ya mtandao. Huomba, na kiini hukituma kiendeshi kinachohusika. Kiendeshi basi ni sehemu ya kiini inayojua tabia ya kifaa kimoja: kiandikwe nini, wapi, kwa utaratibu gani.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa ajili ya prosesa ya 386. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 1994. Viendeshi vingi vya mwanzo vya kadi za mtandao, pamoja na kile cha NE2000, viliandikwa na Donald Becker. Msimbo wote uko wazi, na kwa sababu hiyo mtumiaji aweza kujiundia kiini chenye viendeshi anavyovihitaji tu. Kiendeshi kimoja chaweza kukaa kwa namna mbili: ama kimeunganishwa ndani ya kiini moja kwa moja, ama kimewekwa kando kama moduli, ambayo hupakiwa wakati wa haja na kuondolewa baadaye. Moduli zilikuja na kiini cha 1.2 mwaka 1995, na kwa kazi yetu ni neema kubwa, kwa maana mtu aweza kujaribu anwani moja, akaiondoa moduli, akajaribu nyingine, bila kuizima mashini.

Lakini kiini hakikai na wazee wote milele. Toleo la 3.8, la mwaka 2013, liliacha kuitumikia 386 yenyewe, iliyokuwa mama wa yote. Toleo la 5.14, la mwaka 2021, liliondoa familia ya kale ya viendeshi vya diski za IDE. Nafasi yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na familia iitwayo libata, na diski iliyoitwa hda ikawa sda. Nao watengenezaji wa Debian, walipotoa Debian 13 mwaka 2025, hawakutoa tena kiini wala kisakinishi kwa ajili ya mashini za biti 32 za ukoo wa i386. Hatuwalaumu. Kiendeshi ambacho hakuna mwenye kifaa chake cha kukijaribia ni mzigo kwa wote.

Kutokana na hayo, tumechagua kiini cha zamani kwa mashini ya zamani: 2.4, kilichoanza Januari 2001 na ambacho toleo lake la mwisho, 2.4.37.11, lilitoka Desemba 2010. Ni kidogo, kinatosha katika MB 16 na kubakiza nafasi, na kinaweza kuandikwa moja kwa moja juu ya disketi na kuinuka bila msaada wa programu nyingine, jambo lililoondolewa katika viini vilivyofuata. Gharama yake ni hii: kasoro zake za usalama hazizibwi tena na mtu. Kwa hiyo mashini hiyo isiunganishwe na intaneti hata kwa dakika moja. Waya mmoja tu, kati yake na mashini mpya, basi.

3. Kadi isiyojua jina lake

Mashini za leo humzoeza mtu vibaya. Hutia kifaa, nacho hutambuliwa. Siri yake ni kwamba kifaa cha leo hubeba kitambulisho. Kadi ya mtandao ya PCI yenye chipu ya Realtek RTL8029, kwa mfano, ikiulizwa hujibu kwa namba mbili, 10ec na 8029. Ya kwanza ni ya kiwanda, ya pili ni ya aina. Kiini huangalia orodha yake, huona kwamba kiendeshi ne2k-pci ndicho kinachofaa, na mambo huisha.

Sasa tuchukue kadi ya NE2000 ya ISA. Kwa tabia ni ndugu yake hasa yule wa Realtek. Zote mbili hufuata muundo uliojengwa juu ya chipu DP8390 ya National Semiconductor, na jina lenyewe lilitoka kwa kampuni ya Novell, kabla ya kuigwa na viwanda vingi visivyo na idadi. Lakini njia ya ISA ilitokana na mashini ya IBM PC ya mwaka 1981 na PC/AT ya mwaka 1984, na katika njia hiyo hakuna kuulizana majina. Kadi imekaa kimya katika tundu lake. Hujibu tu mtu anapoandika au kusoma katika anwani ile ile iliyopangiwa, na asiyeijua anwani hiyo hana namna ya kujua kama kadi ipo.

Yapo maelezo matatu ambayo kiendeshi cha kadi ya ISA chaweza kuhitaji: anwani, hodi, na kwa baadhi ya kadi, njia ya kufikia kumbukumbu moja kwa moja. Tuyatazame.

Anwani huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, na alama 0x hutangulia ili kuonyesha hivyo. 0x300, ambayo ndiyo anwani ya kawaida ya NE2000, ni 768 katika hesabu yetu. Kadi haichukui nafasi moja. Huchukua 32 mfululizo, kutoka 0x300 hadi 0x31f. Hapo pana mtego unaostahili kuelezwa. Kadi nyingi huruhusu pia anwani 0x360, nayo yaonekana kuwa wazi. Lakini ukihesabu nafasi 32 kutoka hapo utafika 0x37f, na katikati yake imo 0x378, ambayo ni anwani ya kawaida ya tundu la printa. Mtu huweka kadi mahali ambapo hapana kitu, halafu hushangaa kuona mtandao ukikatika kila printa inapotumiwa.

Hodi ni ngumu zaidi, kwa kuwa ni chache. IBM PC ya kwanza ilikuwa na mistari 8. AT iliongeza kundi la pili la 8, na kundi hilo huungwa kwa la kwanza kupitia mstari wa 2, hivyo mstari huo umekwisha kutumika. Ule wa 0 ni wa saa ya ndani, wa 1 ni wa kibodi, 3 na 4 ni ya matundu ya mfululizo, 6 ni wa disketi, 7 wa printa, 8 wa saa ya kalenda, 12 wa kipanya cha PS/2, 13 wa kikokotozi cha hesabu, 14 na 15 ya diski ngumu. Msomaji akihesabu ataona kwamba imebaki 5, 9, 10 na 11. Sound Blaster hupenda 5. Na kadi ya mtandao? Ya Novell yenyewe ilipangiwa 3 kiwandani, yaani mahali pa tundu la pili la mfululizo, na nyingi za kuiga zilipangiwa 3 au 5. Ndiyo sababu magombano yalikuwa mengi hivyo.

Katika nyumba ya ISA, wageni wawili hawawezi kutumia mlango mmoja. Mashini ya ISA husikia tu mwanzo wa ishara, yaani kupanda kwake. Kadi mbili zikiwa juu ya mstari mmoja, hodi ya pili hupotea ndani ya ya kwanza, na kadi iliyopotezewa hodi husubiri bila mwisho. Katika PCI mambo yalibadilishwa, ishara hudumu mpaka ijibiwe, na vifaa kadhaa huweza kushirikiana. Tofauti hiyo ndogo ya umeme ndiyo iliyowatoa jasho mafundi kwa miaka 15.

Njia ya kumbukumbu ya moja kwa moja haiihusu NE2000. Inaihusu kadi ya sauti, ambayo humwaga sauti kumbukumbuni bila kuisumbua prosesa kwa kila namba. Sound Blaster 16 hutumia njia mbili, ya 1 kwa sauti za biti 8 na ya 5 kwa sauti za biti 16. Njia 5 na hodi 5 ni vitu viwili mbalimbali, ingawa namba ni moja. Wanafunzi huzichanganya mara kwa mara.

4. Kuitafuta kweli iliyo juu ya kadi

Anwani na hodi hazichaguliwi na Linux. Zimepangwa juu ya kadi yenyewe, na Linux huambiwa tu. Kwa hiyo mtu achukue bisibisi, afungue sanduku, aitazame kadi kabla ya kuandika amri yoyote. Katika kadi za kwanza ataona safu za pini na vifuniko vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, vinavyounganisha pini mbili mbili. Mara nyingi maana ya kila mpango imechapwa pembeni juu ya kadi. Katika kadi zilizofuata hakuna pini. Mpango huhifadhiwa ndani ya chipu ndogo na hubadilishwa kwa programu ya kiwanda, ambayo karibu siku zote ni ya MS-DOS. Hapo disketi safi ya kuwashia DOS huhitajika. Tunasisitiza disketi, ili diski ngumu tunayotaka kuiokoa isiandikwe kitu.

Kuna kabila la tatu, la kadi za ISA zinazojipanga, zilizotokana na makubaliano ya Intel na Microsoft ya mwaka 1993. Hizo huamka zikiwa hazina anwani, na husubiri kupewa. Kiini cha 2.4 hujua kuzigawia chenyewe. Vya kabla yake vilihitaji programu ya pembeni, isapnptools. Na katika mashini za Pentium zenye ISA na PCI pamoja, ni lazima kuingia katika mipangilio ya BIOS na kutangaza kwamba hodi fulani, tuseme ya 10, imehifadhiwa kwa ajili ya ISA. Bila hivyo BIOS, kwa kuwa haiioni kadi yetu bubu, itampa mgeni wa PCI mlango huo huo.

Kwa mashini yetu tuliiacha Sound Blaster katika hodi 5 na anwani 0x220, tukaihamisha NE2000 kwenda hodi 10, anwani ikabaki 0x300. Maandishi hayo yakabandikwa kwa karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku.

5. Kuunda kiini

Kiini cha 2.4 hakitaundwa na vifasiri vya leo. Msimbo wake uliandikwa kwa GCC ya wakati wake. Njia nyepesi ni kusakinisha mfumo wa zamani, kwa mfano Debian 3.1 ya mwaka 2005, ndani ya QEMU, programu ya kuiga tarakilishi nzima, na kufanya kazi yote humo. Kuunda kiini juu ya 486 yenyewe kunawezekana, lakini ni kazi ya usiku kucha, na umeme wetu twaujua.

Amri ni hizi, kwa mpangilio huu:

make menuconfig
make dep
make bzImage
make modules

Ya kwanza hufungua orodha ndefu ya maswali, na kila swali hujibiwa kwa y, m au n: ndani ya kiini, kando kama moduli, au hapana. Mengi ni n, wala mtu asiogope. Aina ya prosesa iwekwe 486, kwani kiini kilichoundwa kwa prosesa mpya kuliko iliyopo hakitainuka. Kwa disketi, ramdiski (sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa kama diski), mfumo wa mafaili wa ext2, diski za IDE na itifaki ya TCP/IP, jibu ni y bila kusita. Sababu yake ni rahisi: moduli zimo ndani ya disketi ya pili; kiini kisipojua kusoma disketi, ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kadi ya NE2000 ndiyo inayopewa m. Jina lake halionekani mpaka mtu akubali kwanza kipengele cha kadi nyinginezo za ISA, na wengi huliacha hapo wakidhani kwamba kiendeshi hakipo.

Kiini kikiisha kuundwa huandikwa juu ya disketi ya kwanza. Kabla ya hapo, huelezwa kwamba mzizi wa mfumo uko katika disketi itakayofuata na kwamba unakiliwe kumbukumbuni:

rdev bzImage /dev/fd0
rdev -r bzImage 49152
dd if=bzImage of=/dev/fd0

Namba 49152 ni jumla ya 16384, yenye maana ya "pakia katika ramdiski", na 32768, yenye maana ya "ngoja disketi ibadilishwe". Disketi ya pili huwa na BusyBox, ambayo hukusanya amri ndogo ndogo nyingi katika programu moja, pamoja na moduli zetu. Moduli hizo ziwe za kiini hicho hicho. Za kiini kingine zitakataliwa.

Mazoezi yote haya yaweza kufanywa kwanza bila kuigusa mashini halisi, kwani QEMU huiga hata kadi ya NE2000 ya ISA:

qemu-system-i386 -M isapc -m 16 -fda kiini.img -netdev user,id=n0 -device ne2k_isa,netdev=n0,iobase=0x300,irq=10

Walimu wa fani hii watakipenda chombo hicho. Mwanafunzi akibadilisha 10 kuwa 9 bila kukiambia kiendeshi, ataona kwa macho yake jinsi kadi inavyonyamaza.

6. Kupakia kiendeshi na kusoma dalili

Mashini ikisha kuinuka kutoka disketi, amri ni moja:

modprobe ne io=0x300 irq=10

Tumesema modprobe, si insmod, kwa kuwa ne hutegemea moduli nyingine iitwayo 8390, na modprobe hujua kuipakia kwanza. Zamani, kiendeshi kikiwa ndani ya kiini, kilijaribu chenyewe anwani kadhaa kwa zamu. Tabia hiyo ilikuwa ya hatari: kujaribu ni kuandika, na kuandika katika anwani ya kadi nyingine kwaweza kuigandisha mashini. Ndiyo maana kikiwa moduli kinakataa kazi mpaka kitajiwe anwani. Hodi yaweza kuachwa; hapo kiendeshi huiamuru kadi ipige hodi mara moja na kusikiliza imetokea mlango gani. Ni ufundi mzuri, lakini hutegemea utulivu wa mashini, na sisi hupendelea kuitaja.

Kiendeshi hakikubali tu neno letu. Husoma kwanza chipu ndogo ya kadi, penye anwani ya kiwanda, na kutafuta alama ya NE2000, ambayo ni namba 0x57 iliyorudiwa mara mbili. Kadi nyingine za kuiga zilitengenezwa bila alama hiyo, kwa uvivu au kwa kubana matumizi. Kwa hizo waandishi wa kiendeshi walitia kigezo cha pekee, bad=0xbad, ambacho kwa Kiingereza ni mchezo wa maneno wenye maana ya "mbaya", na kwa hesabu ni namba halali. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kiini hucheka.

Ikiwa jibu ni kwamba hakuna kifaa, anwani si sahihi, au kadi haijakaa vizuri katika tundu; ichomolewe, pini zake za shaba zisuguliwe kwa kifutio cha penseli, irudishwe. Ikiwa jibu ni kwamba mahali pametwaliwa, soma /proc/ioports, ambapo kiini huandika nani amekaa wapi. Dalili ya kudanganya ni ya tatu: kiendeshi kinapakiwa bila lawama, mtandao unawekwa namba, lakini hakuna kinachopita, na baada ya muda huja ujumbe kwamba muda wa kutuma umekwisha. Hapo mtu asihangaike na waya. Asome:

cat /proc/interrupts

Kila mstari una namba ya hodi, idadi ya mara ilizopigwa, na jina la kiendeshi. Mstari wa saa huongezeka mara 100 kwa sekunde, na ni kipimo kizuri cha kuona kwamba mashini iko hai. Mstari wa 10 ukibaki 0 hata baada ya kujaribu kutuma, kadi inabisha mlango mwingine. Ukiongezeka, basi anwani na hodi ni sawa, na tatizo liko nje: waya, au mashini ya upande wa pili.

Kuhusu kadi ya sauti, amri yake katika kiini cha 2.4 ni modprobe sb io=0x220 irq=5 dma=1 dma16=5, na mwenye kanda za zamani za kunakili aweza kuitumia. Ila tukiulizwa tungesema kwamba kanda zinakiliwe kwa mashini mpya; kadi ya sauti ya leo, hata ya bei ndogo, ina kelele pungufu.

7. Kuitoa diski

Kabla ya kuchagua mafaili, nakili diski nzima, sekta kwa sekta. Diski ya umri huu yaweza kufa wakati wowote, na kila usomaji ni wa kuhesabiwa. Katika mashini mpya:

nc -l -p 9000 > diski.img

Na katika ile ya zamani:

dd if=/dev/hda bs=512 conv=noerror,sync | nc 192.168.1.2 9000

Vigezo noerror na sync huagiza kwamba sekta isiyosomeka iruukwe na nafasi yake ijazwe sifuri, ili zinazofuata zisisogee mahali pake. Kwa kasi ya KB 500 kwa sekunde, MB 420 huchukua kama dakika 14. Kwa disketi za MB 1.44 zingehitajika 292. Umeme ukikatika katikati, diski haidhuriki, kwani tulikuwa tukisoma tu. Gawanya idadi ya baiti zilizofika kwa 512, na uanze tena na kigezo skip chenye jibu hilo, ukiongeza sehemu ya pili mwisho wa ile ya kwanza. Tumeacha kwa makusudi njia za kusimba mawasiliano: 486 huzifanya polepole mno, za zamani hazielewani tena na mpya, na juu ya waya mmoja ndani ya chumba kimoja hakuna wa kusikiliza.

Kisha nakala hufunguliwa katika mashini mpya kwa kusoma tu. Amri fdisk -l diski.img huonyesha sekta ya mwanzo ya kizigeu. Izidishwe kwa 512. Ikiwa ni 63, jibu ni 32256:

mount -o ro,loop,offset=32256,codepage=850,iocharset=utf8 diski.img /mnt

Kigezo codepage ni kwa ajili ya majina ya mafaili tu. MS-DOS ya nchi zinazotumia Kifaransa mara nyingi iliandika herufi zenye alama kwa jedwali la 850, nalo Linux isipoambiwa hudhani ni 437. Yaliyomo ndani ya mafaili ni jambo jingine. Maandishi matupu hugeuzwa kwa iconv -f CP850 -t UTF-8, na Kifaransa cha dibaji za tasnifu hurudi salama. Kiswahili chenyewe, kwa kuwa hakina herufi za alama, hakipotezi kitu.

Si hivyo kwa Kiluba, Kibemba na lugha nyingine za toni. Katika jedwali la 850 nafasi za herufi zenye alama za toni hazikutosha, na baadhi ya wanaisimu wa wakati huo walijitengenezea fonti, wakiweka toni ya juu au vokali pana mahali pa alama ambayo hawakuihitaji. Faili la namna hiyo likigeuzwa kwa iconv hutoa mistari ya masanduku na alama za fedha katikati ya maneno. Hakuna kiendeshi kinachoijua fonti hiyo. Jedwali la kugeuzia huandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, kwa kulinganisha faili na tasnifu iliyochapwa, kama nakala yake bado imo maktabani.